Kununua Moteri Iliyotumika kwa Mtumbwi Wako: Mwongozo kwa Watu wa Ubwari na Baraka

Ubwari imezungukwa na maji pande tatu. Upande mmoja ni Ghuba ya Burton inayotazamana na Baraka, upande wa pili ni ziwa wazi linalokwenda mpaka Burundi na Tanzania. Kupeleka mihogo sokoni, kumvusha mgonjwa, kufuata ndagala usiku, yote yanapita majini. Kwa hiyo mtu akishaweka akiba kidogo, wazo linalomjia mapema ni kuacha kasia na kununua moteri, yaani injini ile ya kupachika nyuma ya mtumbwi. Mpya ni ghali, na wengi wetu tunaishia kwenye iliyotumika, pengine ya miaka ishirini au zaidi.

Hakuna ubaya wowote katika hilo. Moteri za zamani za kuchanganya oili na esansi kwenye tangi moja ni imara, hazina kompyuta ndani, na fundi wa ufukweni anaweza kuzifungua kwa funguo za kawaida. Tatizo ni kwamba kifuniko kilichopakwa rangi upya kinaficha mengi. Nitakueleza hatua kwa hatua la kufanya, kuanzia kuchagua ukubwa hadi siku ya kulipa.

Swali la kwanza ni la mtumbwi, siyo la moteri. Una chombo gani, na kitabeba nini? Mtumbwi wa mbao wa mita sita au saba unaobeba watu wachache na nyavu unatosheka na moteri ya 8 au ya 15. Namba hizo ni nguvu farasi, kipimo cha nguvu ya injini, na kila mtu ufukweni huzitaja hivyo hivyo: “ya kumi na tano”, “ya arobaini”. Moteri ya 40 ni ya boti kubwa la mizigo na abiria. Ukiifunga kwenye mtumbwi mdogo itapasua ubao wa nyuma, na ukifungua mafuta ghafla pua ya chombo itanyanyuka juu. Kumbuka pia kwamba ziwa letu liko juu ya usawa wa bahari kwa mita zipatazo 770. Hewa ya huku ni nyepesi kidogo kuliko ya pwani, kwa hiyo moteri yoyote inapoteza sehemu ndogo ya nguvu iliyoandikwa juu yake. Ukiona ya 15 ya hapa haivuti kama ulivyosimuliwa na mtu wa Dar es Salaam, huenda haina ugonjwa wowote.

Chukua pia kipimo cha mguu. Mguu ni sehemu ndefu inayoshuka majini, na upo mfupi na mrefu. Moteri ya mguu mfupi ni ya ubao wa nyuma wenye kimo cha kama sentimita 38, na ya mguu mrefu ni ya ubao wa kama sentimita 51. Pima ubao wako kuanzia juu, pale moteri inapokaa, mpaka chini kabisa ya mtumbwi, kisha andika namba hiyo kwenye simu. Juu ya pangaboi, ile helisi inayosukuma maji, kuna bati pana lililolala. Bati hilo linatakiwa kuwa sawa na chini ya mtumbwi au kushuka kidogo tu. Mguu ukiwa mfupi, pangaboi litakuwa linakoroga hewa kila wimbi linapopita. Ukiwa mrefu kupita kiasi, utaburuta maji na kula esansi bure.

Na esansi ndiyo gharama kubwa, kuliko moteri yenyewe. Kanuni rahisi ya moteri hizi za zamani ni hii: ukifungua mafuta mpaka mwisho, kila nguvu farasi moja hula karibu nusu lita kwa saa. Ya 15 itakula lita saba na nusu hivi, ya 40 itafika lita ishirini. Lile tangi jekundu la lita 24 linalokuja na moteri nyingi litakwisha kwenye ya 40 baada ya saa moja na dakika chache. Sasa piga hesabu ya mvuvi wa ndagala mwenye ya 15. Anakwenda na kurudi kwa saa mbili, usiku ishirini kwa mwezi, kwa sababu mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti samaki. Hizo ni lita 300 za esansi na lita 6 za oili. Moteri iliyochoka, inayokula robo zaidi, itamgharimu lita 75 za ziada kila mwezi. Zidisha kwa bei ya lita moja leo Baraka, utaona kwa nini moteri ya bei ya kutupa inaweza kukufilisi kabla mwaka haujaisha.

Ununue ya kiwanda gani? Hapa nina msimamo, na sitauficha: nunua ile ambayo vipuri vyake viko ndani ya safari ya siku moja kutoka kwako. Kwenye ziwa hili maana yake mara nyingi ni Yamaha, hasa zile zenye neno Enduro kwenye kifuniko, ambazo zimetengenezwa kwa kazi nzito ya wavuvi. Utakutana pia na Suzuki, Tohatsu, Mercury, na pengine Johnson au Evinrude za zamani sana. Hizi mbili za mwisho zilikuwa moteri nzuri za Marekani, lakini kampuni iliyokuwa ikizitengeneza, OMC, ilifilisika mwishoni mwa mwaka 2000, na kampuni iliyozirithi iliacha kutengeneza moteri za Evinrude mwaka 2020. Siku moja utatafuta kipuri kidogo cha mpira Uvira, Kalemie na Kigoma usikipate, na chuma kizima kitabaki kimelala chini ya mwembe. Mpenda vitu vya kale anayeishi karibu na maduka makubwa anaweza kujiburudisha na moteri ya namna hiyo. Mtu anayelisha watoto kwa mtumbwi wake asiiguse.

Kuna jambo moja kuhusu Yamaha ambalo wauzaji wengi hawakuambii. Kwenye mabano yanayobana ubao wa mtumbwi kuna bamba dogo lenye jina la aina, alama tatu za utambulisho (tarakimu na herufi) na namba ya moteri. Enduro ya 40 aina ya E40X, kwa mfano, ina 66T. Ya 15 aina ya E15D ina 6B4. Vipuri vingi vilivyotengenezwa mahsusi kwa moteri hiyo vina namba zinazoanza na alama hizo hizo. Ukizijua, unampigia mwenye duka simu na kuagiza kipuri sahihi badala ya kumtuma mtoto na kipande kilichovunjika mfukoni. Tena zinakulinda. Kifuniko kikisema 40 na bamba likisema kitu kingine, ujue umeuziwa kofia ya moteri nyingine.

Wapi pa kutafuta? Anza karibu: ufukwe wa Baraka, Mboko, Kazimia, kisha Uvira na Kalemie. Ng'ambo kuna Rumonge, Bujumbura na Kigoma. Ukinunua karibu unapata faida ambayo pesa hainunui: watu wanaijua moteri hiyo na mwenyewe. Waulize vijana waliofanya kazi ndani ya mtumbwi ule, siyo mwenye mali peke yake. Wakati nao una maana. Nchi nne za ziwa zilikubaliana kupumzisha uvuvi kwa miezi mitatu kila mwaka. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Ziwa linapofungwa moteri nyingi zinakaa bure na wenye shida ya pesa wanauza, kwa hiyo mnunuzi mwenye subira anasikilizwa zaidi kipindi hicho kuliko siku ndagala zinapomiminika.

Moteri iliyotoka baharini, Dar es Salaam, Mombasa au Dubai, itazame kwa jicho kali. Maji yetu hayana chumvi ya bahari, na moteri iliyozaliwa kazini hapa huwa na chuma safi zaidi. Ile ya baharini inaweza kuwa imeliwa ndani kwenye vijia vya maji ya kupoza, na kuliwa huko hakuonekani ukiwa umesimama nje. Angalia unga mweupe kwenye pembe za chuma cha aluminiamu, rangi iliyovimba kama malengelenge, na bolti zilizogandamana. Ukigusa bolti za kichwa na fundi akasema “hizi hazifunguki”, hiyo ni moteri ambayo siku ya kuitengeneza bolti zitakatika ndani.

Hatari nyingine ni moteri iliyowahi kuzama. Mitumbwi hupinduka, na tangu 2020 maji ya ziwa yaliyopanda yameingia mara kadhaa kwenye nyumba za ufukweni, Uvira na Baraka pia. Moteri iliyolala majini hata siku chache hushika kutu kwenye bearingi za ndani, zile gololi zinazobeba mhimili wa injini. Uliza waziwazi: ilizama? Lini? Ilifunguliwa na nani? Kisha toa kifuniko utazame pembe za chini kama kuna tope laini lililokauka au kutu kwenye gurudumu la juu. Zungusha gurudumu hilo kwa mkono, polepole. Lizunguke laini, bila sauti ya mchanga.

Siku ya kukagua, nenda asubuhi na nenda na fundi wako mwenyewe, hata kama muuzaji ana wake. Mlipe fundi ujira wa siku. Usimwahidi asilimia ya bei, maana hapo atakuwa anamsaidia muuzaji. Mkifika, kabla ya salamu kwisha, weka kiganja kwenye kichwa cha moteri. Iwe baridi. Kama ina joto, imewashwa kabla hujafika ili usione inavyosumbua kuamka. Omba ipoe, kaa, kunywa chai, subiri.

Ikishapoa, fundi afungue bujii, zile plagi za kuwasha moto. Nyingi ya moteri za 15 na za 40 tunazotumia zina silinda mbili, kwa hiyo utakuwa na bujii mbili za kulinganisha. Ncha yenye rangi ya kahawia ya maziwa ya chai ni nzuri. Nyeupe kabisa inaonyesha injini inaungua kwa joto au inapata esansi kidogo mno. Nyeusi yenye kulowana inaonyesha esansi haiungui vizuri. Matone ya maji ni dalili mbaya kuliko zote, kwa sababu maji ya kupoza yameingia ndani ya silinda. Wakati bujii ziko nje, fundi apime mbano wa kila silinda kwa kipimo kinachofungwa kwenye tundu la bujii. Namba yenyewe hutofautiana kwa kila aina, lakini silinda mbili za moteri moja zisipishane zaidi ya sehemu moja ya kumi: moja ikisoma 110, nyingine isishuke chini ya 99. Ikishuka sana, ringi za pistoni zimekwisha au silinda imechubuka, na hapo unazungumzia kazi ya kufungua kichwa kizima. Kama fundi hana kipimo, azibe tundu moja kwa kidole na kuvuta kamba, kisha jingine. Kidole hakidanganyi sana, ila hakitoshi. Kipimo ni kitu kidogo, na chama cha wavuvi kinaweza kununua kimoja cha wote.

Shuka sasa kwenye mguu. Chini kabisa, pembeni, kuna skrubu ya kumwagia oili ya gia. Ilegezwe kidogo mpaka oili ichuruzike kwenye kidole. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yanaingia kupitia sili, zile pete za mpira zinazozuia maji. Sili zenyewe si ghali, lakini uliza maji yameingia kwa muda gani, maana gia zinazokaa na maji hazidumu. Vipande vya chuma vinavyong'aa ndani ya oili ni sababu ya kufunga mazungumzo na kuondoka. Shika pangaboi ulitikise: likicheza sana, mhimili umechoka. Tazama kama mguu umewahi kuchomelewa baada ya kugonga mwamba.

Hayo yote ni maandalizi. Jaribio lenyewe ni majini. Usikubali kamwe kuwashiwa moteri ikiwa hewani, hata kwa dakika moja, kwa sababu pampu yake ya maji ina kipangaboi cha mpira kinachoungua kikizunguka kikavu. Kuiwasha ndani ya pipa lililojaa maji kunatosha kusikia sauti tu. Moteri nyingi zinazoimba vizuri ndani ya pipa hukata pumzi zikipewa mzigo. Ifungwe kwenye mtumbwi, mpakie watu au mifuko ya mchanga kama mzigo wa kawaida, mtoke ghubani.

Mara inapowaka, tazama tundu dogo nyuma yake: maji yatoke kwa nguvu, mfululizo. Endeleeni polepole kwanza, jaribuni gia ya mbele na ya nyuma, halafu mfungue mafuta mpaka mwisho kwa dakika kumi nzima. Muuzaji atataka kurudi baada ya tatu. Mwombe kwa adabu mwendelee. Ni katika dakika zile za mwisho ndipo moteri yenye pampu ya esansi iliyochoka huanza kuzubaa, na yenye vijia vilivyoziba huanza kupata joto. Izimeni katikati ya maji, subirini kidogo, muiwashe tena ikiwa moto. Ikikataa kuwaka ikiwa moto, ndivyo itakavyokufanyia siku upepo wa kusini wa kiangazi umechafua ziwa. Mkirudi ufukweni, chunguza tena oili ya gia.

Bei iwe kiasi gani? Anza kwa kuuliza bei ya mpya ya aina ile ile, Kalemie, Uvira au Kigoma, kwa simu tu. Kisha jumlisha: anachotaka muuzaji, vipuri ambavyo fundi ameviorodhesha, ujira wake na nauli. Tuseme muuzaji anataka dola 900, vipuri ni 120, fundi 50, usafiri 30. Moteri hiyo si ya 900, ni ya 1,100, na hiyo ndiyo namba ya kulinganisha na mpya. Kwa maoni yangu, jumla ikipita theluthi mbili ya bei ya mpya, vumilia uongeze akiba, au ungana na ndugu mnunue mpya. Ukivuka mpaka na moteri, ongeza ushuru unaolipwa DGDA, yaani forodha ya Kongo, na udai risiti. Karatasi hiyo itakusaidia kila utakaposimamishwa bandarini.

Wizi wa moteri ziwani ni jambo tunalolijua sote, na aliyeibiwa huenda ni jirani yako wa kijiji cha pili. Soma namba kwenye bamba. Ikiwa imekwanguliwa au bamba limeng'olewa, usinunue hata ukipewa kwa nusu bei. Lipige picha bamba na uwaulize viongozi wa wavuvi wa Baraka na wa pande moteri inakotoka kabla ya kutoa pesa.

Pesa zitolewe mbele ya mashahidi na karatasi ya mauzo. Iandikwe majina ya pande mbili na namba za kadi zao za elekta, aina na namba ya moteri, bei kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe, na sahihi za mashahidi wawili. Mkuu wa mtaa au wa kijiji atie sahihi yake pia. Kama bei ni ya dola, kagua noti zako nyumbani, kwa maana iliyochanika hata kidogo itakataliwa. Kutuma kwa simu ni salama kuliko kutembea na pesa barabarani. Mkikubaliana, bakiza sehemu ndogo ya kulipa baada ya wiki mbili za kazi, na hilo liandikwe kwenye karatasi hiyo hiyo.

Moteri ikishakuwa yako, usiipeleke kazini kesho yake. Badilisha mpira wa pampu ya maji, oili ya gia, bujii na chujio la esansi, hata kama vinaonekana vizima. Tumia oili ya moteri za majini yenye maandishi TC-W3 kwenye chupa. Ile ya pikipiki haikutengenezwa kwa injini inayopozwa na maji. Kwa Yamaha nyingi hizi kipimo ni lita moja ya oili kwa lita 50 za esansi, yaani mililita 400 kwenye bidoni la lita 20. Pima kwa chupa yenye alama, usikadirie kwa macho. Moteri za kale zaidi hutaka oili nyingi kuliko hapo, kwa hiyo soma kwanza maandishi yaliyo juu yake. Chuja esansi kwa kitambaa safi, na usikubali iliyoongezwa mafuta ya taa.

Kaza vibanio vyake kila safari na uifunge kwa mnyororo kwenye mbavu ya mtumbwi. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale linapozama zaidi, na moteri inayodondoka nje ya ghuba haitafutwi. Beba bujii mbili za akiba, kamba ya kuvutia, ufunguo wake na bisibisi. Na kabla hujazunguka Rasi ya Banza kwa mara ya kwanza, hakikisha kila aliyepanda amevaa jile la kuokolea na makasia mawili yako ndani ya mtumbwi.